Kanzidata Isiyokataa Kitu

Nihal, acha unachofanya. Sleyum wetu leo kaumbuka mbele ya wanunuzi wote wa machungwa hapa Muheza.

Alikuwa anawaonyesha kwa projekta ukutani ile programu yake ya kutunza habari za wateja. Unajua anavyojitapa. "Kanzidata hii haina majedwali. Kila mteja ana faili lake, karani anaongeza kipengele chochote anachotaka, na hata wakifika milioni haielemewi."

Anachotaka. Shika hapo.

Bi Shariffa, mwenyekiti wao, ambaye asipokubali hajiungi mtu na programu hiyo, akaomba kuona faili lake.

Sleyum kalifungua bila kulipitia kwanza. Jina, simu, idadi ya matenga. Chini yake Devota, karani wa sokoni, kaongeza chake: "Tabia: anakula matatu ya kuonja, anasema machachu, halafu ananunua yote."

Matatu, Nihal. Ukuta mzima.

Sleyum jasho linamtoka, anahangaika kuifunga kompyuta. Bi Shariffa kavaa miwani, kasoma taratibu mpaka mwisho.

"Mwanangu, programu yako inasema kweli. Tunajiunga. Sasa nifungulie faili la mume wangu."

Mzee Ayman, mume mwenyewe, aliyekaa naye mkeka mmoja, kaanza kutafuta viatu vyake.