Sili Aliyepanda Ngazi ya Boti

Jumatatu, Bellevue. Jua lipo ila halipashi kitu. Baridi ya Joburg inaingia mpaka kwenye vidole, na vidole ndiyo kazi yangu.

Nimeshuka basi asubuhi kutoka Cape Town. Nilikwenda kumsuka bibi harusi, mteja wangu tangu akiwa mwanafunzi huku, na jana familia yake ikanichukua kwenye boti kutazama wanyama wa baharini.

Niandike ukweli: ninaogopa, na hofu hii nilipanda nayo boti.

Orka, wale nyangumi wawindaji, walitokea watatu, weusi wenye mabaka meupe. Nahodha akazima injini, akatuomba tunyamaze. Walimzunguka sili mmoja, yule mnyama wa mapezi anayeota jua mwambani, taratibu, wakimkatia njia ya kurudi mwambani. Kimya kingi kina mshindo mkuu: mmoja alimpiga mkia, sili akarushwa hewani kama taulo.

Alipoanguka, akaogelea kuja kwetu. Akapanda ngazi ya nyuma ya boti.

Nilisikia anavyohema. Nahodha akasema asiguswe, asifukuzwe wala asisaidiwe. Mjomba wa bibi harusi alitaka asukumwe, maana orka walikuwa wanapita chini yetu na boti inayumba. Mimi nimeshika chuma cha kiti kwa mikono miwili. Nakiri hapa: nilitamani ashuke, waende naye, sisi tubaki salama.

Wimbi likaja, akateleza. Maji yakawa mekundu, halafu yakawa maji tu.

Wenzangu walikuwa wanapiga picha. Mimi nilikuwa namfikiria Godeliva.

Godeliva ni Mrundi, jirani yangu wa chumba cha pili, ana mimba ya miezi minane. Kwenye geti la kliniki siku hizi kuna watu wanaosimama kila asubuhi kuuliza vitambulisho, na asiye mwenyeji wanamrudisha. Yeye wamemrudisha mara mbili. Mimi cha hapa ninacho, nilikipata baada ya miaka mingi ya foleni, na Kizulu changu kinapita. Wiki iliyopita aliniomba: "Dada, unisindikize Jumanne, tafadhali. Wakiniona na wewe labda wataniacha nipite."

Nikamwambia Jumanne nitakuwa bado Cape Town.

Tiketi ya kurudi kabla ya Jumanne nilikuwa nayo mfukoni.

Ni aibu, lakini woga wangu una sababu. Saluni yangu iko mtaa wa pili kutoka kliniki. Wale watu wakishaniona nimesimama na mgeni, watauliza na mimi nimetoka wapi, na kadi haizuii jiwe kuvunja kioo. Kwenye teksi, daladala za huku, mama akinipigia kutoka kwetu Uvira, simu naiacha iite, abiria wasisikie Kiswahili changu. Wengi wetu tunaishi hivyo. Mtu akizoea kujificha, hata msaada anauficha.

Ukuta kati yangu na Godeliva ni ubao. Namsikia anasogeza ndoo, anapumzika, anasogeza tena. Hajui kama nimerudi. Tangu asubuhi natembea humu ndani bila viatu ili asisikie hatua zangu.

Mimi, mtu mzima, nanyata kwenye chumba ninacholipia kodi.

Sili hakuwa na mlango wa kubisha. Godeliva aliubisha wangu, na kesho ndiyo Jumanne. Sijui pale getini sauti itanitoka au la. Naogopa sana.

Nimevaa viatu.