Fundo Nililolifungua

Yaya Zaina, dada yangu mpendwa,

Kabla sijakuuliza habari za mtoto wako wa mgongoni, nitoe kwanza hili ambalo sijamwambia mtu: Mjomba alivunjwa vidole kwa kosa langu.

Mnaendeleaje huko Kabambare? Homa ya Mama imeshuka? Mimi mwili ni mzima. Tangu nilipomaliza shule nikaja Kasongo, Mjomba ananifundisha kutengeneza redio.

Mzee Ramazani alimletea bafle zake mbili, spika za Ulaya, za mbao nzito, zilizonizidi umri. Wanawe walitaka azitupe, anunue mpya za plastiki. Mjomba akamwambia, "Mzee, sanduku ni zima, sumaku ni nzima. Mpira wa pembeni tu ndio umeoza. Uniachie, zitapita hata zilivyokuwa siku ya kwanza." Akabandika mpira mpya, akabadilisha na vile vifaa vidogo vya ndani vinavyogawa sauti nene na nyembamba, akaweka vingine vilivyo bora zaidi.

Waya tunazopata hapa ni nyeusi zote, kwa hiyo Mjomba hufunga fundo kwenye ule wa chanya. Unanijua kwa usafi wangu. Siku ya harusi ya binti wa Mzee, nikiunga waya kwenye mashine ya kukuza sauti, niliona fundo moja limekaa vibaya. Nikalifungua, nikaunyoosha waya. Kisha sikujua tena upi ni upi. Niliona haya kuuliza, nikabahatisha.

Bafle moja ikawa inasukuma, nyingine inavuta. Sauti nene zikauana hewani.

"Ngoma iko wapi?" akafoka Kitenge, mwana mkubwa wa Mzee. "Fundi, umekula sumaku, umeiuza!"

"Iko ndani, mutoto wangu," Mjomba akajibu. " Ngoja niangalie."

"Utaangalia na meno gani?"

Akampiga mdomoni kwa mguu wa kiti. Ndugu zake wakaingia. Mjomba alipoanguka, mmoja alimkanyaga mkono wa kulia, akausaga kwa kisigino. Nilivisikia vidole, Yaya. Vililia kama mihogo mikavu ikivunjwa. Kitenge akakamata shoka ili apasue sanduku, aione hiyo sumaku.

Nikatambaa chini ya meza, nikabadilisha zile waya mbili. Ngoma ikatupiga vifuani. Shoka likabaki juu.

"Kumbe iko," Mzee akasema. Hakuna aliyeomba msamaha. Watu wakacheza, wakaikanyaga damu ya Mjomba.

Sasa Mjomba anaamini Kitenge ndiye aliyelifungua fundo, ili kumharibia jina. Mkono umefungwa vijiti, lakini amekuwa akinoa mupanga kwa ule wa kushoto. "Vidole vyake navyo vitaanguka," anasema. Aliniuliza kama nilimwona Kitenge karibu na mashine. Nikakubali kwa kichwa.

Mupanga nimeuficha ndani ya gunia la mihogo. Leo ameanza kuutafuta.

Nisalimie Bibi mpishi wetu wa sombe ya majani ya mihogo, na Shemeji mwenye moto, asiikimbize hiyo pikipiki kwenye matope. Mama mwambie nakula vizuri.

Jioni hii, nikimwosha Mjomba mkono, nitamwambia. Nimejaribu mara tatu, kila mara nikaishia kumuuliza kama maumivu yamepungua. Kama barua hii itakufikia bila habari nyingine kutoka kwangu, nakuomba, usimwambie mtu, hata Mama. Lazima Mjomba asikie kutoka mdomoni mwangu, kabla hajaliona lile gunia.

Mdogo wako,
Sifa