Diwani wa Kuja

S.L.P. 47,
Njombe.
29 Julai 2025.

Mwanangu mpendwa Tarsis,

Niwie radhi kwa kimya changu. Barua yako ya Pasaka ilinifikia mwezi wa Mei, na tangu hapo nimekaa nayo bila kuijibu. Sikuwa mgonjwa, wala sikuisahau. Nilikuwa nikisubiri niwe na habari njema za kukuandikia, na habari njema zimechelewa.

Hujambo lakini? Mkeo Ida na watoto hawajambo? Kazi inakwendaje? Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Mama yako mdogo goti linamsumbua, maana baridi ya mwaka huu ni ya kuuma. Imebabua hata majani ya viazi bondeni. Kaburi la kaka yangu, marehemu baba yako, tumelipalilia na kulizungushia maua.

Uliniandikia habari za uchaguzi wa gavana katika jimbo lenu, kwamba wagombea wawili walisimama kwenye televisheni, wakashambuliana kwa maneno, kisha wakapeana mikono. Nilipoona neno “jimbo” nilimfikiria kwanza askofu na jimbo lake. Kwetu, kama ujuavyo, mkuu wa mkoa huletwa. Tunaowachagua ni mbunge na diwani. Lakini usidhani kwamba kwa kuwa kiti ni kidogo, na moto wake ni mdogo. Wagombea wenu mnaweza kuwazima pamoja na televisheni. Wetu wote wawili ni watoto wa nyumba hii.

Mdogo wako Fidelis alirudi kutoka Dar es Salaam mwezi wa Aprili ili agombee udiwani katika kata moja ya Makambako. Halfan, mume wa binti yangu Eufrasia, naye anagombea kiti hichohicho, ndani ya chama hichohicho. Wajumbe watapiga kura Jumapili hii ili libaki jina moja. Nilipokuwa nikifundisha, niliwaeleza wanafunzi kwamba “kugombea” ni kauli ya kutendea na “kugombana” ni kauli ya kutendana, na kwamba shina lao ni moja. Sasa somo hilo limekuja kukaa sebuleni kwangu.

Sitaki umhukumu mdogo wako upesi. Tangu afike amekwenda shamba kwa shamba kuwasikiliza wakulima wa parachichi, jambo ambalo madiwani wengi hawalifanyi hata baada ya kuchaguliwa. Halfan naye si malaika. Malori yake yamechimba barabara ya watu, na akiambiwa hucheka. Kama ningekuwa mjumbe, ningepata shida kuchagua. Tatizo si nani anafaa. Tatizo ni neno moja.

Jumamosi iliyopita wagombea walipelekwa mbele ya wajumbe katika ukumbi ulio karibu na stesheni ya reli. Nilikuwapo, kwa hiyo usiamini kipande cha video kinachozunguka kwenye simu, maana kimekatwa kichwa na miguu. Fidelis alizungumza vizuri juu ya maji na bei ya mahindi. Makofi yalipopigwa, yakamlevya. Akasema, “Kata hii ina wenyewe! Hatuwezi kuongozwa na watu wa kuja!” Kisha akasalimia kwa Kibena, “Kamwene!”, akamgeukia Halfan. “Haya, shemeji, itikia tukusikie.”

Halfan aliitikia, tena kwa Kibena kirefu kuliko cha Fidelis, akaulizia hali za wazee mmoja mmoja na mavuno yao. Watu wakaanza kuguna. Ndipo akarudi kwenye Kiswahili: “Ndugu wajumbe, shemeji yangu amesema mimi ni wa kuja. Mwaka wa kuja ni mwaka upi? Si ule unaofuata? Basi diwani wa kuja ndiye huyu hapa!”

Ukumbi ulilipuka. Mama mmoja muuza viazi alipaza sauti kutoka nyuma: “Fidelis, baba, umempigia mwenzio kampeni, tena bure!” Kisarufi, Halfan hakukosea. Nami nilicheka, Tarsis, na Fidelis aliniona nikicheka.

Wewe unajua kwamba Halfan alizaliwa Makambako. Baba yake, Mzee Hassani, alikuja na ujenzi wa reli, akakaa, akazeeka, akazikwa palepale. Fidelis ameishi Dar es Salaam tangu alipomaliza kidato cha sita. Sikumkumbusha hilo hadharani, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuchekwa haongezewi.

Lakini kicheko hakikumaliza jambo. Siku iliyofuata vijana wa Fidelis walipita mbele ya nyumba ya Eufrasia na gari la matangazo, wakilirudia neno lilelile. Jana mchana kioo cha lori la Halfan kilivunjwa kwa jiwe. Aliyelirusha hajulikani, na kila mmoja anamjua.

Jana hiyohiyo, jioni, Eufrasia aliwaleta watoto kwetu, Shamimu na Abdulsalam, wakae hapa mpaka kura zipite. Hata hakuketi.

“Baba, mimi ni mwenyewe, sivyo? Basi watoto wangu wa kuja walikuja kwa treni gani?”

Mama yako mdogo alimwambia, “Teremsha sauti, watoto wanasikia.”

“Wamekwisha kusikia, Mama. Mjomba wao alitumia kipaza sauti.”

Kwa desturi zetu mjomba ndiye mtu ambaye mtoto humkimbilia pale baba yake anapokasirika. Sasa wa kukimbiwa ni mjomba.

Leo asubuhi Fidelis amenipigia simu. Anataka Jumamosi hii nisimame pamoja naye mbele ya wajumbe, nimtambulishe kwa niaba ya ukoo.

“Baba mdogo, nusu yao umewafundisha,” akasema. “Ukisimama nami, yamekwisha.”

“Na lile neno?”

“Ah, ile ilikuwa lugha ya kampeni tu.”

Nikamwambia kwamba nimefundisha lugha maisha yangu yote, na hiyo sikuwahi kuiona katika mtaala. Akasema kwa sauti ya chini, “Usipokuja, watasema nimekataliwa hata kwetu. Baba angekuwa hai, angesimama.” Hapo alinichoma, kwa kuwa ni kweli. Baba yako angesimama. Sijui angesema nini baada ya kusimama.

Halfan hajaniomba kitu. Alipita juzi kunisalimu, akazungumzia bei ya mbao, akanywa chai. Mama yako mdogo alipomtania kwamba hajatuomba kura, akajibu, “Mkwe haombi kura ukweni, Mama. Akinyimwa, atakula wapi?” Akaaga. Kutoombwa kwake kunanilemea kuliko kuombwa na Fidelis.

Basi hali yangu ndiyo hii. Nikisimama na Fidelis bila kulitaja lile neno, nitakuwa nimelitia muhuri, na wajukuu wangu watakuwa wageni mezani kwangu. Nikisimama nikalikana, Fidelis atashindwa kwa mkono wangu, na najua hatarudi tena Njombe ila kwa msiba. Nikibaki nyumbani, kila upande utaitafsiri nafasi yangu tupu upendavyo.

Nimempa sharti moja. Atakuja Ijumaa kunichukua, na atawakuta wapwa zake hapa. Nimemwambia ale nao, na awaambie kwa kinywa chake, mbele ya dada yake, kwamba alikosea. Akilifanya hilo, nitapanda gari lake, na nitawaeleza wajumbe kwamba amelifanya. Amejibu kwamba diwani haombi radhi kwa watoto. Nimemjibu kwamba hajawa diwani bado, lakini mjomba ni tangu walipozaliwa. Simu ikakatika; sijui ni mtandao au ni yeye.

Kwa kuwa barua hii itakufikia baada ya kura, kesho Eufrasia akija kuwaona watoto ataipiga picha na kukutumia kwenye simu. Ukiisoma, mpigie mdogo wako. Usimweleze siasa, ana washauri wa kutosha. Zungumza naye kama kaka. Mwulize tu nani atamzika.

Mama yako mdogo anakusalimu sana, na anauliza kama Ida aliipata ile kanga. Eufrasia na Halfan wanakusalimu, kila mmoja kwa wakati wake, maana hawajaja pamoja wiki hii. Shamimu anakuonyesha jino lililong'oka. Chukulia kwamba umeliona. Nisalimie watoto, na uwahimize wasome Kiswahili.

Mungu akulinde ugenini, akujalie riziki ya halali na usingizi usio na deni la maneno.

Ijumaa Fidelis akibisha hodi, mlango nitaufungua mimi, na watoto watakuwa mezani. Nitakalokuwa nimeliamua baada ya hapo nitakuandikia siku hiyohiyo, kwa mkono wangu, hata likiwa la kunivunja.

Ni mimi nikupendaye kama nilivyompenda kaka yangu,
Baba yako mdogo,
Davis