Nilimkana Mama Mbele ya Kamera

Mpendwa mshauri Tsehay, naomba usinichoke, maana haya ninayokuandikia hata padri sijamwambia. Nina miaka ishirini na sita, naishi mtaa wa Gulele na mama yangu, na baada ya miaka miwili ya kutafuta kazi nikaitwa kwenye usaili wa video na shirika moja la nje, basi wiki nzima nikajitayarisha, nikatundika shuka jeupe kuficha ukuta wa udongo, nikaazima vitabu vinene vya jirani yetu Aynalem nikavipanga nyuma ya kiti, nikajizoeza kutazama kamera badala ya kujitazama mwenyewe, kila kitu nilikiwaza, ila mama sikumwambia lolote zaidi ya "leo nina shughuli na kompyuta."

Wasaili walikuwa wawili, Bi Ingrid na Bwana Dagmawi, mtu wa kwetu anayeishi huko, naye akanisalimia kwa Kiamhari ili kunitoa woga, kumbe mama jikoni kasikia sauti ya mwanamume akadhani tumepata mgeni, na mgeni kwetu haachwi hivi hivi, mara huyo kaingia na sinia la mkate wa injera na mchuzi wa shiro, "Mwanangu, tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni, na mgeni naye unamtazama tu?" akakata tonge akalielekeza kwenye kompyuta, "Kula baba, nife mimi usipokula, kula!" Bwana Dagmawi akacheka, tonge likaishia mdomoni mwangu, Bi Ingrid akauliza huyo ni nani, na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu kwa Kiingereza, "Samahani, ni mfanyakazi wetu wa ndani."

Kiingereza hicho mama anakijua. Ndivyo alivyoitwa Beirut, alikofanya kazi za ndani miaka kumi na mmoja, na mshahara wa huko ndio ulionisomesha. Alifunika sinia akatoka kinyumenyume, na tangu siku hiyo anabisha hodi kabla ya kuingia chumbani kwangu, kwenye nyumba aliyoijenga yeye! Sasa nimeitwa usaili wa mwisho Alhamisi, na mama kasema, "Nitashinda kwa Aynalem, nisije nikakuharibia." Kila nikitaka kumwomba radhi najitia shughuli nyingine. Nimewaza ningoje nipate kazi, mshahara wa kwanza nimnunulie gauni jeupe la sikukuu, ndipo niseme. Je, nitakuwa nimekosea?

Mwenye aibu, Gulele

*

Mwenye aibu, hiyo aibu ni haki yako, na usingekuwa nayo nisingepoteza wino. Najua miaka miwili bila kazi inavyomvuruga mtu, pole kwa hilo. Lakini gauni? Mtoto wewe! Umemvua mama yako heshima mbele ya watu, halafu unataka kumvika kitambaa, tena kwa pesa ya kazi uliyoiomba kwa kumkana? Kila atakayemsifia kanisani atakuwa anamtonesha kidonda.

Halafu unajidanganya kuwa siri hii ni ya nyumbani kwenu. Bwana Dagmawi si anajua Kiamhari? Alimsikia akikuita mwanangu. Tangu lini mfanyakazi wa ndani akamtia bosi wake tonge mdomoni, bila hata kuomba ruhusa? Anajua, binti yangu, na pengine Alhamisi anangoja aone utasema nini.

Basi fanya hivi, na ni leo, usiseme kesho. Liweke gazeti chini uende jikoni. Usianze na hadithi ya woga wako wala ya Bi Ingrid. Piga magoti, mshike magoti yake kama tunavyofanya tukikosa, useme, "Mama, nilikukana." Usilipambe. Akilia mwache alie, akikutukana shukuru, na msamaha usimdai kama chenji dukani, atautoa akiwa tayari.

Kwa Aynalem asiende. Shuka lishushe, vitabu virudishe. Alhamisi, kabla hawajakuuliza swali la kwanza, waambie yule mwanamke ni nani na kwamba ulisema uongo. Wakikunyima kazi kwa hilo, umenyimwa. Itauma, sikufichi.

Jambo la mwisho. Umenitajia jina la Bi Ingrid, la Bwana Dagmawi, hata la jirani mwenye vitabu. Barua yako nimeisoma mara tatu, jina la mama yako halimo. Alhamisi litaje wasikie, lote, pamoja na la baba yake.