Pasipoti Mliyomzika Nayo Baba Tala

Nairobi,
Jumapili jioni

Kaka Elia,

Shikamoo. Mbukwenyi nyote hapo nyumbani. Mguu wa mama unaendeleaje? Bado anaukanda kwa maji ya chumvi, au ameacha kwa sababu hakuna wa kumkumbusha? Na maharage ya bondeni yametoa maua, au mvua imewapita tena ikaenda kunyesha kwa wenzetu? Sisi huku hatuumwi. Tala alipata mafua kwa baridi ya asubuhi, lakini yamepita, na sasa anakula vizuri.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu unayo mfukoni. Kwenye simu, kaka, nikifika pale usipopapenda unasema mtandao wa milimani unakatika, na mara kweli unakatika. Barua haikatiki. Nimempa Bi Mwajuma, yule Mrangi niliyekuwa napika naye chakula cha wanafunzi kule Chimwaga, ambaye sasa anafanya biashara hapa na ndiye anayetuhifadhi. Anakwenda Kondoa kwenye arusi ya mdogo wake, lakini atateremka kwanza hadi Dodoma, na huko ataikabidhi kwa kondakta wa basi la Kibakwe.

Nimekasirika, kaka. Ninakuandikia nikiwa nimekasirika hivi hivi. Sitaki kungoja hasira ipoe, maana ikipoa nitakusamehe kabla hujafanya ninachokuomba.

Nieleze tangu mwanzo, kwa sababu nimesikia huko nyumbani kila mtu ana habari zake. Wengine wanasema nimekimbilia ng'ambo, wengine kwamba nimepata mume Nairobi. Sijapata mume. Nimekuja kumtafutia Tala pasipoti ya kwao baba yake. Tala ni Mfilipino kwa damu ya Rodel, hilo halina ubishi, lakini Rodel hakuwahi kumwandikisha kwao. Kila nilipomkumbusha alikuwa anasema, "Tutakwenda wote watatu, Perisi. Nitamwandikisha mwenyewe, na kwenye picha nitamchana nywele mwenyewe." Kifua kikamuwahi.

Sasa bibi yake Tala, mama wa Rodel, macho yanazidi kufifia. Shangazi yake Tala ameshatuandalia safari, kilichobaki ni pasipoti ya mtoto. Bibi anapiga simu, hatuelewani lugha, anaita tu, "Tala, Tala," kisha anacheka, kisha analia. Alimkosa mwanawe hata kwenye kaburi. Anataka kumwona mjukuu huyu mmoja wakati bado anaona. Sikufuata jambo jingine hapa.

Basi nilifika kwenye ubalozi wao, ambao ndio unaotuhudumia hata sisi wa Tanzania, na vyeti vyote: cha kuzaliwa cha Tala, cha ndoa yetu, cha kifo cha baba yake. Tala nilikuwa nimemvua hereni kwa ajili ya picha, maana masikio lazima yaonekane, na kucheka hairuhusiwi. Alikaa amekaza uso kama mwenyekiti wa kijiji. Aliyetuhudumia alikuwa dada wa makamo, Mfilipino mwenyewe. Kabla sijafungua bahasha, Tala akamshika mkono akauinamia hadi ukagusa paji la uso wake, kama baba yake alivyokuwa akimsalimia mama yetu. Unakumbuka watoto wa jirani walivyocheka siku ya kwanza, wakidhani anamnusa mama mkono? Mpaka mama akawaambia, "Nyamazeni. Hiyo ndiyo shikamoo yao."

Yule dada akaniuliza kwa Kiingereza cha polepole, "Nani amemfundisha?"

Nikamwambia, baba yake. Akapangusa macho, akaanza kupitia karatasi zangu. Kisha akauliza, "Na pasipoti ya marehemu?"

Akanieleza kwamba pasipoti ya mtu aliyefariki hurudishwa ili ifutwe, isije ikatumiwa na mtu mwingine, na pia wanataka kuiona kwa sababu mtoto anaandikishwa kwa kuchelewa na baba hayupo wa kumsemea. Nikamjibu bila wasiwasi kwamba iko kijijini, kwenye sanduku la bati, kaka yangu ataituma. Nilikuwa na uhakika huo. Nikatoka nje nikakupigia.

Nayaandika tuliyosema, ili usije ukasema nimeongeza.

"Kaka, nitafutie pasipoti ya Baba Tala kwenye sanduku."

Nikasikia kuku wanagombana hapo uani.

"Haimo humo."

"Iko wapi?"

"Anayo mwenyewe."

"Nani?"

"Mwenyewe. Shemeji."

Nilidhani unanitania. Nikacheka, kaka! Nilicheka pale barabarani. Ndipo ukaniambia kwamba siku ya mazishi, wewe na Baba Mdogo mlimwekea kwenye koti, mfuko wa ndani, kabla fundi Yona hajapigilia misumari. Ukasema, "Mtu wa mbali vile, utamlaza mikono mitupu? Sisi pale tuna babu zetu, wanatujua. Yeye nani anamjua? Akiulizwa huko wewe ni wa wapi, aonyeshe nini?"

Nilikata simu mimi, safari hii si mtandao.

Mimi nilikuwa wapi wakati huo? Nilikuwa ndani, nimeketishwa sakafuni na wanawake, nimefunikwa kanga kichwani. Mlikuja kuniuliza habari za sufuria za wageni. Mlikuja kuniuliza kama kuni za jikoni kwangu zinaweza kutumika. Hakuna aliyekuja kuniuliza mume wangu azikwe na nini. Mlichagua koti la kahawia, lile ambalo kifungo chake cha chini nilikishona kwa uzi mweusi kwa sababu wa kahawia uliisha. Ningemvika mimi ningejua kila kilichomo mifukoni mwake. Lakini mjane havishi, mjane anakaa. Nilikaa. Sikubishana na mtu. Ndiyo maana mmenizoea hivyo, kwamba Perisi hana neno.

Nilipomsimulia Bi Mwajuma aliweka mwiko chini. "Nyie Wagogo!" akasema. "Maiti anavuka mpaka gani? Kuna afisa uhamiaji huko chini?"

Nikamwambia aache.

"Siachi! Mngemwekea na nauli basi. Na ugali wa njiani."

Alitania mpaka akaona machozi yananitoka, akaja akanikumbatia, akaniambia kesho yake nirudi nikawaambie ukweli kama ulivyo, maana uongo wa ofisini unazaa uongo mwingine.

Nikarudi. Nikamwambia yule dada, "Pasipoti iko kaburini." Alivua miwani. Sikumwona akicheka, wala akikunja uso. Aliniuliza nani aliiweka na kwa nini, nami nikamweleza kama ulivyonieleza wewe, neno kwa neno. Akamgeukia mwenzake wakasemezana kwa lugha yao, na yule mwenzake, mwanamume mtu mzima, akainamisha kichwa kidogo kuelekea kwangu. Kisha dada akaniambia kuna njia. Aliyeiweka aende mbele ya hakimu au wakili, aape kwamba aliiweka kwa mkono wake ndani ya jeneza, na shahidi mmoja aliyeona aape naye. Apigiwe muhuri. Rekodi nyingine za Rodel wataziomba kwao wenyewe. Kumbe ni hilo tu! Nilitembea hadi kwa Bi Mwajuma kwa miguu, nimemshika Tala mkono, nikiwa mwepesi.

Nikakupigia jioni ile nikiwa na furaha. Na wewe ukanijibu nini?

"Mimi mzee wa kanisa nikasimame Mpwapwa, mbele ya hakimu, niseme nimezika pasipoti? Unataka nife kwa aibu? Watanifanya hadithi ya mnadani."

Nikakusihi. Ukasema utafikiri. Ukafikiri wiki nzima, kisha ukapiga wewe mwenyewe, nami moyo ukaruka, nikajua umekubali. Kumbe mmekaa wazee mkaona kaburi lifukuliwe kimyakimya alfajiri, itolewe, yaishe. Nikakuuliza kama umerukwa na akili. Hapo ndipo ukasema lile neno ambalo limenifanya nikae niandike.

"Basi mwandikishe Tala kwa jina langu. Awe mwanangu. Pasipoti ya hapa kwetu ataipata bila taabu, na hakuna atakayeuliza habari za kaburi."

Kaka, unajua ulichosema? Nimejaribu kukutetea moyoni. Nimesema labda ulichoka, labda ulitoka shambani, labda kulikuwa na watu wanasikiliza. Sikuweza. Ulimwekea shemeji yako pasipoti ili huko aendako ajulikane ni nani, na leo uko tayari mwanawe asijulikane ni wa nani, ili watu wa mnadani wasikucheke. Niende na "Tala binti Elia" kwa bibi asiyeona vizuri, nimwambie huyu hapa mjukuu wako, lakini kwenye karatasi si wako? Na mimi niape uongo, kwa kuwa wewe unaogopa kuapa ukweli?

Yule mtoto anaonyesha vitu kwa midomo. Ukimuuliza kikombe kiko wapi hanyooshi kidole, anachongoa midomo kuelekea dirishani, vilevile kama baba yake. Nani alimfundisha hilo? Alikuwa mdogo mno kufundishwa. Nikimwona anafanya hivyo asubuhi wakati natia chai, huwa nalazimika kugeuka niangalie ukuta. Na wewe unataka kulifuta jina kwa kalamu.

Rodel hakuwa mgeni kwetu kama mnavyopenda kusema. Siku uliyomleta nyumbani kutoka kwenye visima vya Kongwa alikokuwa akifanya kazi, wanawake walipika wali kwa hofu, wakaficha mlenda kwa aibu. Yeye akaingia jikoni, akafunua chungu, akapiga kelele kwa furaha. Mboga ileile iko kwao! Mama yake huichuma nyuma ya nyumba. Alikaa chini akaula kwa ugali wa uwele, akavuta utelezi kwa kidole bila kudondosha, na Baba Mdogo akasema, "Huyu amezaliwa hapa, alipotea tu." Wewe ulicheka kuliko wote. Ulimpenda. Nilikuona ulivyompenda. Alipougua ulimbeba mgongoni kutoka barabarani, na hukuruhusu mtu akupokee.

Ndiyo maana nina hasira kiasi hiki. Ungekuwa mtu mbaya ningenyamaza, ningetafuta njia nyingine. Lakini ulichofanya siku ile hakikuwa kibaya, kaka. Kilinikosesha usingizi, na bado nasema ilinipasa kuulizwa, lakini hakikuwa kibaya. Wafanyakazi wenzake walileta turubai na salamu. Kanisa lilileta kwaya. Wewe peke yako ndiye uliyefikiria kwamba mtu huyu yuko mbali na kwao na anaweza kuogopa. Mimi mkewe sikufikiria hilo. Watu wa ubalozi, wasiotujua, waliposikia waliinamisha vichwa. Unayemwonea haya ni nani, basi? Wauza mitumba wa mnadani?

Sikiliza ninachotaka. Kesho kutwa, au siku yoyote wiki hii, panda basi la asubuhi uende Mpwapwa. Mchukue fundi Yona, maana aliona, na alishika taa. Vaa shati lako la kanisani. Hakimu atakuuliza kwa nini. Usianze kuzunguka, usiseme ulikosea, usiseme ni mila za wazee. Mjibu kama ulivyonijibu mimi mara ya kwanza, kabla hujakumbuka kuona haya. Karatasi mpe kondakta wa Dodoma aifikishe Kondoa, Bi Mwajuma ataichukua akiwa anarudi huku. Yule dada wa ubalozi amenishikia faili mezani kwake, lakini hawezi kulishika daima, na macho ya mama mkwe wangu hayangoji.

Kaburi msiliguse. Nasema tena ili na Baba Mdogo asikie ukisoma: msiliguse. Nikisikia jembe limeshuka pale, nitakuja mwenyewe, na safari hiyo sitakaa sakafuni.

Na kama huendi, niambie huendi. Nitamweleza Tala kwamba mjomba wake alikataa, na nitamweleza sababu. Sitamficha, kwa sababu atakapokua ataniuliza.

Msalimie mama, mkande huo mguu, wewe au mmoja wa wanao, usiwaachie wanawake tu. Msalimie mkeo, wifi yangu Damari. Mwambie kitenge alichonifungia njiani ndicho anachojifunika Tala usiku. Msalimie Baba Mdogo, namheshimu kama zamani ingawa sijamaliza naye. Msalimie fundi Yona na mkewe, na mama mkunga aliyempokea Tala, na mwalimu wa kwaya. Tala anawasalimia wajomba wote na anauliza kama yule ndama mweupe ameota pembe.

Jibu la simu silitaki, kaka. Nataka karatasi yenye muhuri.

Ni mimi mdogo wako,
Perisi, mke wa Rodel