Sauti ya Mama Tumeipata

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kiroboto,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi hatujambo, ila nyumba imepoa.

Kidonda cha Mama kimepona na daktari ameridhika. Sauti ndiyo haitarudi, kama tulivyoambiwa kabla ya upasuaji. Siku hizi anaandika kwenye kibao, na bado anatugombeza, tena kwa herufi kubwa.

Unakumbuka kabla hajalazwa alijifungia chumbani na kinasa sauti, akamrekodia kila mmoja wetu maneno yake? Baba alizihamishia rekodi kwenye kompyuta, akazipa majina yetu, akafuta zilizobaki kwenye kinasa. Unamjua seremala wetu, hapendi kitu kinachoning'inia. Zile herufi tatu baada ya nukta, mwishoni mwa jina la kila faili, aliziona uchafu, akazikata zote kama ncha za mbao.

Juzi tukataka kusikiliza. Kompyuta ikasema haijui faili hizo ni za aina gani. Tukabahatisha kuongeza mp3 kwenye jina, ikagoma. Baba akatoka, akaenda kukaa karakana. Mimi nililia jikoni, sikufichi.

Shemeji yako ndiye aliyetulia. Alitoa nakala kwanza, kisha akaifungua yenye jina langu kwa programu ya kuandikia. Zikamwagika alama zisizo na kichwa wala miguu, lakini mwanzoni kabisa yalisomeka maneno mawili: RIFF, na mbele kidogo WAVE.

"Hizi ni wav," akasema. "Hazijaharibika, zimekosa jina la ukoo tu."

Akaandika nukta na herufi hizo tatu, akabonyeza. Mama akaniita, vilevile alivyokuwa akiniita chakula kikiwa tayari. Kule karakana Baba akaitika, "Naam, nakuja." Halafu hakuja kwa muda mrefu.

Yako hatujaisikiliza. Tulipoifikia, Mama aliweka kiganja juu ya kibodi, akaandika kwenye kibao: KIROBOTO ASIKIE MWENYEWE KWANZA. Nimeiweka kwenye flashi iliyo ndani ya bahasha hii, na herufi zake tatu zimo. Usizifute.

Baba anakusalimu, na shemeji yako pia. Mungu akutunze, akurudishe mlangoni kwetu ukiwa mzima.

Ukishasikiliza, piga simu. Atapokea Mama. Usingoje haloo, anza wewe kuzungumza. Ukisikia kidole kinagonga, ndiye huyo anaitika.

Wako akupendaye siku zote,
Dada yako mkubwa.