Vidonge vya Akello

Jumatatu, 3 Februari
Tena chai ya maziwa, majani mengi. Akello amemeza kidonge chake cha madini ya chuma, cha kuongeza damu, nimesimama hapo hapo mpaka kikombe kikaisha. Nesi wa hospitali ya Mulago alisema damu ya binti yangu iko chini. Kocha naye anasema bila damu hataweza mbio za milimani Kapchorwa, kule juu pumzi ni haba. Wiki tano kambini, kisha polisi wanachagua timu yao ya mbio. Akichaguliwa anapata kazi ya uaskari kama marehemu baba yake. Mama Neema, jirani yangu Mkongo, anacheka: "Huyu anakula chuma! Mtamgongea ukutani kama msumari."

Jumapili, 9 Februari
Amepanda basi. Nimemfungia majani ya chai na kopo la maziwa ya unga. Nimemwapisha: kidonge asimeze na maji matupu, kitamchoma tumbo. Kila siku na chai, nzito kama ya nyumbani.
Nyumba kimya. Sipendi.

Alhamisi, 27 Februari
Mvua. Maji ya mtaro yameingia mpaka chini ya kitanda. Akello amepiga simu. Miguu mizito, wenzake wanamwacha mlimani. Vidonge anameza? Anameza. Na chai? Vikombe viwili, Mama. Nimemwambia afanye vitatu.
Naogopa.

Jumamosi, 15 Machi
Amekuwa wa tisa. Walitaka wanne. Wamempima: damu haijapanda hata kidogo. Amelia mpaka simu ikakatika. Sijakaanga chapati leo. Wateja watajua wenyewe.

Jumatano, 19 Machi
Nimeenda Mulago kumwuliza yule nesi dawa gani hizi za uongo. Akauliza mtoto anamezaje. Nikaeleza, tena kwa majivuno. Akaweka kalamu chini. "Nyabo, mama yangu, majani ya chai na maziwa yanazuia chuma kuingia kwenye damu. Ni maji tu, au maji ya chungwa."
Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Nimerudi nyumbani Bwaise kwa miguu. Ni mimi. Mtoto wangu nimemfunga miguu kwa mikono yangu.

Ijumaa, 21 Machi
Amerudi. Nimemwambia yote hata hajavua viatu. Amevivua kimoja kimoja. Halafu: "Mama, hata mimi nilikuwa naitaka ile chai. Kule ni baridi."
Nimeshindwa kumwangalia.

Jumamosi, 22 Machi
Alfajiri nimesikia anafunga kamba za viatu. Nikajifanya nimelala, nikidhani anaenda kukimbia. Mlango ukafunguka. Kisha nikasikia madumu yanagongana.
Ameenda kuchota maji tu.